Lenzi ya Tatu

Bi Halima alifungua fundo la kanga juu ya meza ya Inspekta Tumpe, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha akatoa picha. Hakuiachia. Aliishika pembeni kwa vidole viwili, kama anayeogopa itafutika.

“Ni Shamimu wangu,” alisema. “Wallahi ni yeye. Yuko hai.”

“Imekufikiaje, mama?”

“Kwa posta. Jirani yangu kule Tunduru ndiye mwenye sanduku, akaniletea. Hakuna barua, hakuna neno. Nikapanda basi la kwanza nikaja hapa Songea.”

Tumpe alinyoosha mkono. Mama yule akasita, akaitazama tena, kisha akampa.

Ilikuwa picha isiyo na rangi, kubwa kama kiganja, iliyosafishwa kwenye karatasi nzito ya zamani. Msichana amejitanda mtandio, ametazama pembeni kana kwamba ameitwa. Jicho na kope zilionekana wazi, unywele kwa unywele. Sikio lilikuwa limeshaanza kupotea. Nyuma yake hapakuwa na kitu: si ukuta, si barabara, si kibao cha duka. Palikuwa na ukungu laini kama maziwa, na ndani yake viduara vya mwanga vikielea. Muhuri wa bahasha ulikuwa wa posta ya Songea.

Jalada la kesi Tumpe alilijua kwa moyo. Shamimu Abasi, mpiga picha katika studio moja ya mtaa wa Majengo, alitoweka msimu wa korosho uliopita. Alikuwa na mchumba, Dennis Magesa, mwalimu wa sekondari aliyehamia kutoka Mara. Bi Halima alimkataa kwa sababu ya dini na ugeni wake. Majirani wa Mfaranyaki, mtaa alikoishi mwalimu, walisikia wachumba hao wakigombana, na siku iliyofuata binti hakuonekana. Begi la nguo zake lilikutwa chini ya kitanda cha mwalimu. Mama akaandikisha maelezo kwamba huyo ndiye aliyemuua mwanawe. Tangu hapo Dennis yuko mahabusu, na kila kesi ikitajwa mahakama inaambiwa upelelezi haujakamilika.

“Mwanangu,” Bi Halima alisema, “mimi nilisema maneno makubwa juu ya yule kijana. Kama Shamimu yuko hai, nimefanya nini?”

Tumpe alimwomba amwachie picha hiyo kwa siku chache. Bi Halima alitoka kwenda kungoja hapo hapo mjini, ameshika bahasha tupu.

Mkuu wake wa kazi hakuiamini. “Ni ya zamani hiyo,” alisema. “Ndugu za mtuhumiwa wameiposti ili tumwachie. Na kama ni mpya, hivi viduara ni taa za mjini, tena mjini hasa. Dar.” Akatuma askari mmoja Dar es Salaam na nakala za picha ile, azunguke nazo kwenye studio na nyumba za wageni.

Tumpe akaenda Majengo. Sababu yake ilikuwa moja: hapa Songea watu wote siku hizi wanachapa picha kwa mashine. Anayesafisha kwa mkono, kwenye chumba cha giza na kwa karatasi nzito, ni mmoja tu, na ndiye aliyekuwa mwajiri wa Shamimu.

*

Studio ya Kassian Ndunguru ilikuwa kati ya fundi cherehani na duka la vipuri vya pikipiki. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, sauti ya chini. Kwenye kaunta alikaa msichana aliyeitwa Lidwina, akikata picha za pasipoti. Konstebo Aidan, dereva wa Tumpe, alibaki mlangoni.

Tumpe aliweka picha juu ya kaunta. Mtu akiwekewa picha mbele yake huitazama kwanza. Kassian alimtazama Tumpe.

“Hii ni kazi yako?”

“Ni yangu, afande. Nilimpiga alipokuwa bado anafanya kazi hapa. Nadhani kuna mtu kaiba nakala.”

“Ulimpiga lini?”

“Mwaka juzi. Siku ile ile niliyopiga ile pale.” Alionyesha ukutani. Shamimu alikuwa pale, kwenye fremu, anacheka, na nyuma yake ukungu ule ule na viduara vile vile. “Ni filamu moja. Pale uani, chini ya mpera.”

“Filamu moja, na lenzi moja?”

“Lenzi moja.”

“Nionyeshe.”

Alivuta droo, akatoa kamera ndogo ya chuma, nyeusi, iliyochubuka kwenye kona. Mzee mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akifundisha useremala alimwachia alipokuwa anarudi kwao. Kisha akaweka lenzi mbili juu ya kitambaa. Moja fupi, ya kuchukua eneo pana. Ya pili ndefu kidogo, mpya, ya Kijapani.

“Ni hii ya pili,” alisema.

“Nifundishe,” Tumpe alisema. “Nataka kujua mtu anachaguaje.”

Ilikuwa mbinu, na ilifanya kazi. Mabega ya Kassian yalishuka. Akampa kamera, akamwambia achungulie kwenye kidirisha. Tumpe alimwona Lidwina mara mbili, mmoja amefifia juu ya mwingine. Alipozungusha pete ya lenzi, wale wawili walisogeleana mpaka wakawa mmoja.

“Hapo umempata,” Kassian alisema.

“Ukungu sijauona. Huko nyuma naona kila kitu, hadi kalenda.”

“Huwezi kuuona. Kamera nyingine unatazama kupitia lenzi yenyewe. Hii unatazama kwa kidirisha cha pembeni, kila kitu kiko wazi, karibu na mbali. Ukungu wake utauona filamu ikishasafishwa. Ndiyo maana lazima ujue tabia ya lenzi kabla, kama unavyojua tabia ya mtu kabla hujamtuma.”

“Na ukungu mzuri ni upi?”

“Kuna ukungu wenye kelele. Matawi yanakuwa mawili mawili, kila kiduara kina ukingo mkali kama pete. Unamtazama bibi harusi lakini jicho linakimbilia nyuma yake. Mzuri haukuiti. Unayeyuka tu. Dunia yote inaondoka, unabaki na yule mtu mmoja, na wewe.” Akaanza ghafla kufuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi.

“Twende uani,” Tumpe alisema.

Studio ilikuwa na kamera ya kisasa ya kupigia harusi, na pete ya kuunganishia iliyofanya lenzi za zamani zikubali kukaa juu yake. Tumpe alitaka kuona majibu pale pale. Lidwina akasimama chini ya mpera, mtandio wa kuazima kichwani, akitabasamu kwa aibu.

Lenzi fupi iliwekwa kando mapema. Hata Kassian alipolifungua tundu lake la mwanga mpaka mwisho, majani yalibaki majani, na mtu angeweza kuuhesabu ukuta wa jirani tofali kwa tofali. Lenzi ya Kijapani ilifuata. Ukungu ulikuja, na viduara vikaja navyo, kila jua lilipopenya kati ya majani.

Tumpe alisimama na kamera mkononi, akitazama kioo chake cha nyuma. Kwa hiyo hazikuwa taa. Halikuwa jiji. Ni jua tu na majani ya mti wowote, mahali popote penye kivuli. Akamfikiria yule askari anayezunguka Dar na nakala zake, akimwonyesha picha kila mwenye gesti.

Aliiweka picha ya Bi Halima kando ya kioo. “Sio hii,” alisema.

“Ndiyo hii, afande. Labda mwanga wa siku ile...”

“Hivi viduara vina ukingo mkali. Kama pete, umesema mwenyewe. Vya Shamimu havina ukingo, vinaishia kama pumzi. Na hapa kwenye kona za picha yake vimebanwa, vimekuwa kama ndimu, vinamzunguka. Vyako ni vya mviringo hadi kwenye kona.”

Aliyejibu ni Lidwina, chini ya mpera, akitaka kusaidia.

“Bosi, si uweke ile lenzi ya Mrusi? Shamimu alikuwa anaipenda ile kuliko zote.”

“Ile mbovu,” Kassian alisema haraka.

“Mbovu kidogo tu. Tangu ilipoanguka kwenye harusi ya dada yangu.”

“Harusi ya dada yako ilikuwa lini?” Tumpe aliuliza, kama anayeuliza habari za nyumbani.

“Pasaka hii iliyopita, afande. Ilimponyoka bosi kanisani, kwenye sakafu ya saruji. Hata padri aligeuka.”

Tumpe alimtazama Kassian. “Ilete.”

Haikuwa kwenye droo. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake lililoning'inia nyuma ya mlango, imefungwa ndani ya soksi safi. Lenzi ndogo, nzito, rangi ya fedha, imeandikwa herufi ambazo Tumpe hakuweza kuzisoma. Aliielekeza angani. Ndani mwake vibati vyembamba vilijipanga kwa mduara kufungua na kufunga tundu la mwanga, kama mboni ya jicho. Kimoja kilikuwa kimepinda. Hata tundu lilipofunguliwa lote, ncha yake ilibaki imechomoza.

“Mpige Lidwina.”

Kassian alibofya, na picha ikatoka. Ukungu uliyeyuka. Viduara vililegea, vikabanwa kwenye kona, vikamzunguka msichana taratibu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote za asubuhi ile, na Tumpe alielewa kwa nini mtu angebeba lenzi hiyo mfukoni.

Kisha akaomba kioo cha kukuzia. Kwanza picha mpya ya Lidwina: kila kiduara kilikuwa na pengo dogo juu upande wa kulia, kama biskuti iliyong'atwa na mtoto. Kisha picha iliyotoka posta: pengo lile lile, mahali pale pale. Akaingia ndani, akashusha fremu ya ukutani, akaiegemeza kwenye kaunta. Viduara vya Shamimu anayecheka vilikuwa vizima vyote.

“Kassian,” alisema. “Umesema hizi zimepigwa siku moja, filamu moja, lenzi moja. Lenzi ni moja, hapo sina ubishi. Lakini hii ya ukutani imepigwa lenzi ikiwa nzima. Hii nyingine imepigwa ikiwa imeshaanguka. Imeanguka Pasaka. Shamimu alitoweka kabla ya Krismasi. Sasa uliyempiga picha baada ya Pasaka ni nani?”

Cherehani ya jirani ilisikika ikikimbia, ikasimama, ikakimbia tena. Lidwina aliweka mkasi chini.

Kassian akaketi kwenye kiti cha wateja, kile cha kupigia pasipoti, pazia jeupe nyuma yake.

“Yuko salama,” alisema. “Yuko kwetu Mbinga, kwa shangazi yangu.”

“Kwa hiari yake?”

“Alinijia mwenyewe. Aliniomba nimwonyeshe mahali asipojulikana, apumzike mbali na watu wake. Nikampeleka.”

“Na mwalimu yuko mahabusu.”

“Ndiyo maana niliposti. Nilisema wakiona picha, watajua yuko hai, watamwachia. Nikachagua lenzi hiyo makusudi, ili mumwone yeye na msipaone mahali.”

“Kama ulitaka tujue yuko hai, mbona leo umeniambia ni picha ya zamani?”

“Umeingia na pingu kiunoni, afande. Niliogopa.”

“Ungemwambia tu Shamimu. Angerudi mwenyewe, kesi ingekwisha siku hiyo hiyo.”

Kassian alitazama fremu iliyoegemea kaunta. “Angerudi,” alisema. “Lakini angerudi kwa Dennis.”

Tumpe alichomoa pingu kiunoni. Kisha akazirudisha. “Utatuonyesha njia. Aidan, washa gari.”

*

Kabla jua halijapita utosini walikuwa wameiacha lami nyuma yao na kuingia milima ya Wamatengo huko Mbinga, mashamba ya kahawa yakiteremka kila upande. Kassian alikaa nyuma na Tumpe. Hakusema kitu zaidi ya kushoto na kulia.

Shamimu alikuwa uani kwa shangazi, anageuza kahawa kwenye kichanja. Juu yake mti mkubwa wa kivuli ulipenyeza jua vipande vipande. Aliona gari la polisi, akamwona Kassian akishuka, akaacha kugeuza.

“Mama amekufa?” aliuliza.

“Mama yako ni mzima,” Tumpe alisema. “Naitwa Inspekta Tumpe, natoka Songea. Mimi ndiye ninayekutafuta.”

“Nani alisema nimepotea? Kassian alisema amempelekea mama salamu. Kila alipokuja alisema mama amezipokea.”

“Mama yako alidhani umekufa. Akamtaja Dennis kuwa ndiye aliyekuua. Dennis yuko mahabusu tangu ulipoondoka.”

Shamimu hakulia. Alishika ukingo wa kichanja, punje chache zikadondoka. Kisha akamgeukia Kassian.

“Uliniambia amehamishwa.”

“Shamimu...”

“Uliniambia amerudi kwao Mara, na kwamba hakuniulizia. Nilikuuliza kila ulipokuja. Kila mara. Na kila mara ukanigeuza uso kwenye mwanga, ukaniambia nisisogee.”

Shangazi, ajuza mfupi aliyesimama mlangoni na ungo, aliuliza jambo kwa Kimatengo. Kassian aliinamisha kichwa. Alikuwa amekuja na lenzi yake mfukoni mara nyingi, Tumpe aliwaza, na kila safari alikuwa amerudi Songea na uso wa msichana huyu na ukungu nyuma yake, na uso huo haukuwahi kumtazama yeye. Hata katika ile picha alitazama pembeni.

“Kwa nini uliondoka?” Tumpe aliuliza. Swali lilikuwa la jalada, lakini alilitoa taratibu.

“Mama alisema nikiolewa na Dennis nisimwite mama tena. Dennis naye akasema amechoka kungoja, nichague. Tuligombana. Nikaona yeyote nitakayemchagua, nitakuwa nimemzika mwingine. Begi nililiacha kwake ili asijue naondoka kabisa.” Alifuta mikono kwenye kanga. “Nilitaka wanikumbuke wote wawili. Basi. Sikutaka mtu afungwe.”

“Utakuja kusema hivyo mbele ya mwendesha mashtaka?”

“Sasa hivi. Kama nilivyo.”

Mtandao uliofika pale ulikuwa wa kuwinda. Tumpe alitembea na simu mpaka kwenye jiwe juu ya shamba, Shamimu nyuma yake, akampigia Bi Halima. Aliweka sauti ya nje, kwa kuwa bila hivyo hakusikia kitu.

“Mama, shikamoo. Nimempata. Nimesimama naye hapa.”

Upande wa pili kiti kilisikika kikiburuzwa.

“Mpe simu,” sauti ikasema.

Shamimu aliishika kwa mikono miwili. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Bi Halima alivuta pumzi, ikasikika ikikwaruza njia nzima kutoka Songea. “Umekula?”

Hapo ndipo Shamimu alipolia. Alilia amesimama, bila kujifunika, na mama yake kule alikuwa akisema pole, pole mwanangu, pole, kwa Kiyao na kwa Kiswahili, mpaka maneno yakachanganyika. Tumpe aligeuka akatazama milima.

“Mama, nakuja. Tunatoka sasa hivi, nakuja kwako moja kwa moja.”

“Hapana,” Bi Halima alisema. “Nisikilize. Pitia gerezani kwanza. Yule kijana yuko ndani kwa maneno ya mdomo wangu. Akuone yeye kwanza, ajue anatoka. Mwambie huyo inspekta nimesema mimi.”

“Mama, nina hamu na wewe.”

“Najua. Mimi ninayo tangu ulipoondoka, nimeshaizoea. Nitakungoja.”

Utaratibu ulitaka kituoni kwanza, maelezo, kisha mwendesha mashtaka, na mahabusu mwisho. Tumpe aliupima utaratibu huo kwa muda mfupi. “Tutapitia gerezani,” alimwambia Aidan walipofika kwenye gari. “Maelezo nitaandika njiani.”

Safari hii Kassian alivaa pingu. Hakupinga. Shamimu hakukubali kukaa safu moja naye, akapanda mbele karibu na dereva, na Tumpe hakumwomba arudishe simu. Walipopanda kilima cha kwanza mtandao ukapatikana tena, Shamimu akaishika simu sikioni, mama yake akiendelea kuongea, akimweleza habari za Tunduru: nani ameoa, nani amezaa, mkorosho wa nyuma ya nyumba umechanua. Gari lilipoteremka bondeni mtandao ulikatika. Shamimu alibaki na simu sikioni vile vile, kilima hadi kilima, akingoja sauti irudi.